Nakunywa ili nitulie, mbona situlii?

Shikamoo Shangazi,

Nasoma majibu yako siku zote na sikuwahi kufikiri iko siku nami nitaandika. Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili. Kazi yangu ni uhasibu, katika kampuni iliyopunguza watu mwaka jana, na sisi tuliobaki tunabeba na kazi za walioondoka. Mume wangu anafanya kazi mbali, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia umepooza, na tangu atoke hospitali anaishi kwangu. Nina kaka wawili. Wote wawili hupiga simu kuuliza hali yake.

Nikirudi kazini, binti anayeshinda na mama huondoka hapo hapo, nami naanza zamu yangu: kumbadilisha mama nepi, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda, kukagua kazi za shule, kupika, kuosha vyombo, kupiga pasi sare za kesho. Nyumba hunyamaza saa nne usiku. Jioni moja kulikuwa na mvinyo uliobaki baada ya wageni, nikajimiminia glasi. Shangazi, nakumbuka mabega yangu yalivyoshuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikusikia kichwani orodha ya mambo ya kesho.

Ikawa glasi moja kila Ijumaa. Ikawa kila jioni. Zikawa mbili, tatu. Sasa chupa nzima haifiki usiku wa manane, na siku ambayo bosi amenifokea au mama amelia kwa maumivu, nafungua ya pili. Chupa naficha kabatini nyuma ya mashuka. Nanywea kwenye kikombe cha chai chenye mfuniko ili watoto wasione. Zikiisha nazifunga kwa gazeti, nazitupa njiani nikienda kazini.

Saa tisa usiku naamka moyo ukinienda mbio, nguo zimelowa jasho, na usingizi haurudi tena. Asubuhi mikono inatetemeka, hasa nikishika kalamu. Siku nyingine napiga funda moja kabla ya kuoga, ndipo inatulia. Nimejaribu kuacha. Nikipitisha siku moja, jioni yake natetemeka, natoa jasho, nawafokea watoto bila sababu, mwisho narudi kabatini.

Lakini sijawahi kukosa kazi. Sijaanguka njiani, sijagombana na mtu, na nilidhani hakuna anayejua. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka tisa alinusa kikombe changu akasema, "Mama, chai yako inanuka kama ile dawa ya kusafishia kidonda." Akakisogeza mbali na daftari lake, taratibu, akaendelea kuandika. Tangu siku hiyo sina amani.

Je, mimi ni mlevi? Mwenzangu kazini anasema wanawake wengi tunakunywa kwa sababu ya msongo wa mawazo, na kwamba msongo ukiisha, pombe itaondoka yenyewe. Ni kweli? Nisubiri mambo yatulie? Na nimwambie mume wangu? Naogopa ataona sifai kulea watoto, na mawifi zangu wapate la kusema.

Mimi,
Mwenye siri

*

Marahaba mwanangu,

Maswali yako nitayajibu yote, ila kuna jambo ambalo hukuliuliza na ndilo la kwanza: usiache pombe ghafla ukiwa peke yako. Najua hukutegemea Shangazi akuambie hivyo. Mikono inayotetemeka asubuhi kisha ikatulia kwa funda moja inaonyesha kwamba mwili wako umeshazoea kuishi na pombe, na ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kukudhuru vibaya. Arosto ya pombe, yaani dalili zinazomjia mtu mwili ukikosa pombe uliyoizoea, huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kwa wengi huishia kwenye kutetemeka, jasho na kukosa usingizi, kama ulivyoonja. Kwa baadhi huja degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Na wachache, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwepo, homa ikapanda. Hali hiyo inaua.

Kwa hiyo wiki hii umwone daktari. Mweleze kwa kipimo: chupa ngapi, tangu lini, na kwamba unatetemeka asubuhi mpaka unywe. Mwambie pia kama uliwahi kupata degedege, kama una ujauzito, na dawa zote unazotumia. Zipo dawa za kuvusha siku hizo za mwanzo, za jamii ya diazepamu, ambazo daktari huzitoa kwa siku chache huku akipunguza dozi, pamoja na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu ubongo. Usizinunue mwenyewe. Dawa za kutuliza kama hizo, na za usingizi, zikikutana na pombe hufifisha pumzi, na wapo waliolala wasiamke. Ukisubiri siku ya miadi, usikate yote kwa siku moja. Ikitokea degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu au kutapika mfululizo, hapo usisubiri miadi, ukimbizwe hospitali.

Sasa huyo mwenzako wa kazini. Nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo nusu inayokufariji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitengeneza baa ndani ya maabara, kaunta na viti virefu, wakaalika wanawake 105 na wanaume 105. Baadhi walipitishwa kwanza kwenye jambo la kuwatia wasiwasi, wengine wakaachwa watulie. Kisha wengine wakapewa vinywaji vyenye pombe na wengine visivyo na pombe, halafu kwa dakika 90 kila mtu akawa huru kuagiza apendavyo. Msongo uliwafanya wanawake na wanaume wote waongeze. Ila kwa wanaume ilitegemea walianza na nini: kilichowafanya wanywe kupita kiasi ni msongo pamoja na pombe ya mwanzo. Kwa wanawake msongo peke yake ulitosha, hata kwa yule aliyeanza na kinywaji kisicho na pombe.

Nimekuandikia hayo ili ujue kwamba hukuanguka kwa sababu ya tabia mbovu. Wanaume wengi hunywa kutafuta raha na kampani; wanawake wengi zaidi hunywa ili kitu fulani kinyamaze: hofu, huzuni, uchovu, kumbukumbu ya kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu. Kwa wanawake wengi sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hutangulia, pombe ikafuata. Ukionana na daktari, mwombe akupime na hilo.

Nusu ya pili ya maneno yake, kwamba msongo ukiisha pombe itaondoka yenyewe, ndiyo itakayokumaliza. Kwa sasa pombe yenyewe ni sehemu kubwa ya msongo wako. Ukinywa, pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza na kuikandamiza ile inayochangamsha. Ndipo mabega yanaposhuka. Ila ubongo haukubali kutulizwa kila usiku ukakaa kimya. Hujirekebisha, ukapunguza utulivu wake wa asili na kuongeza uchangamfu. Pombe ikianza kutoka damuni, kinachobaki ni huo ubongo uliojikaza, na mwili ukimwaga kotisoli, homoni ya msongo. Umekopa utulivu wa kesho, na riba unalipa saa tisa usiku.

Hebu tazama saa zenyewe. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 12 ina takriban gramu 71 za pombe tupu. Kipimo kimoja cha kawaida, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni gramu 10. Wewe unasema chupa moja, mwili unahesabu vipimo saba. Ini husafisha karibu kipimo kimoja kwa saa, wala hakuna kahawa, maji ya baridi au jasho la mazoezi litakaloliharakisha. Ukianza saa nne usiku, saa tisa pombe inashuka damuni, moyo unakwenda mbio na ndoto zinakatika, maana pombe hukulaza haraka lakini huvunja nusu ya pili ya usingizi. Saa kumi na moja alfajiri huenda bado unayo damuni. Usiku wa chupa mbili, unaingia ofisini na hesabu za watu ukiwa hujaisha kulewa. Tafadhali, asubuhi hizo usishike usukani. Na dozi za dawa za mama yako zipange mchana, uziandike na kuzitenga, usije ukazipima usiku ukiwa umekunywa.

Kisha unaamka umechoka, unavumilia kidogo kuliko jana, bosi anakufokea kwa kosa ulilofanya kwa uchovu, na jioni una sababu mpya ya kufungua chupa. Ndiyo maana sikubali usubiri mambo yatulie. Hayatatulia huku unakunywa. Na ukitibiwa pombe peke yake, mzigo ukabaki vilevile, saa nne usiku itakukuta palepale. Viwili hivi vinashughulikiwa kwa pamoja.

Mwili wa mwanamke una jambo lake pia, ambalo watu huliongea kwa mzaha. Tuna maji kidogo mwilini kuliko wanaume, na kimeng'enya cha tumboni kinachoanza kuvunja pombe kwetu ni hafifu zaidi. Glasi ileile, hata kwa watu wa uzito sawa, huacha pombe nyingi zaidi katika damu ya mwanamke. Ini na misuli ya moyo huharibika baada ya miaka michache ya kunywa kuliko kwa wanaume, na safari ya kutoka glasi ya kwanza hadi kushindwa kuacha huwa fupi kwetu. Saratani ya matiti nayo imo, na hatari yake hupanda hata kwa kiasi kidogo. Pombe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani vya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa tangu 1988, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Unauliza kama wewe ni mlevi. Lipo dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani ambalo madaktari hulitumia. Linauliza unakunywa mara ngapi na kiasi gani, kama ukianza unashindwa kusimama, kama umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuanza siku, kama unajuta baadaye, kama kuna mtu wa karibu aliyeonyesha wasiwasi. Alama ni 40. Kuanzia 8 unatakiwa kushtuka. Barua yako imejibu mengi ya maswali hayo kabla sijakuuliza. Jibu langu ni kwamba una utegemezi wa pombe. Ni ugonjwa wenye matibabu, na kwenda kazini kila siku hakukutoi humo. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hawajawahi kukosa kazi hata siku moja. Wanajificha vizuri mno, na wanalipia kujificha huko kwa kuchelewa kutibiwa.

Nitakuambia wanavyochelewa. Mwanamke anakwenda hospitali kwa sababu hapati usingizi, au tumbo linawaka, au presha imepanda. Haulizwi kuhusu pombe kwa kuwa amevaa vizuri na ana watoto, naye hasemi kwa kuwa anaona aibu. Anarudi nyumbani na vidonge vya usingizi. Miaka inapita. Usitoke kwa daktari na vidonge vya usingizi peke yake. Ukikaa tu kwenye kiti, sema sentensi hii kabla ya salamu hazijaisha: "Nakunywa pombe kila siku, nashindwa kuacha, na nikiacha natetemeka." Ukiona anakudharau au anakuhubiria, tafuta mwingine. Umekwenda kutibiwa.

Baada ya siku za mwanzo kupita salama, kuna dawa za kukusaidia usirudi. Naltreksoni hupunguza ile raha ya pombe na hamu yake. Akamprosati hutuliza ubongo uliozoea kileo. Zote mbili Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Daktari ataangalia ini na figo zako kabla ya kuchagua, na mwambie kama unatumia dawa kali za maumivu, maana naltreksoni haipatani nazo. Ipo na disulfiramu, ya zamani zaidi, inayomfanya mtu augue akinywa pombe juu yake. Hiyo hutumiwa kwa hiari na chini ya uangalizi. (Ndugu mnaosoma hapa ambao mmewahi kumtilia mtu dawa hiyo kwenye chakula bila yeye kujua: acheni. Inaweza kumuua.)

Dawa ziende na mazungumzo. Mwombe daktari akuelekeze kwa mshauri wa uraibu au mwanasaikolojia. Vikundi vya watu wanaoacha pombe vipo tangu 1935, vilipoanzia Marekani, na vimesaidia wengi. Wapo wanawake wanaoona vigumu kusema mambo yao mbele ya wanaume. Ndiyo sababu miaka ya 1970 mwanasosholojia Jean Kirkpatrick, aliyepambana na pombe mwenyewe, alianzisha kikundi cha wanawake peke yao, akiona kwamba mwanamke aliyekwisha kujidharau anahitaji kujengwa, siyo kushushwa zaidi. Uliza vikundi vya wanawake. Vingine hukutana kwa simu, na wewe mwenye mgonjwa ndani hilo litakufaa.

Sasa nije kwenye mzigo, maana hapa nimekasirika, na sikukasirikia wewe.

"Wote wawili hupiga simu kuuliza hali yake." Mama mmoja, watoto watatu, na anayebadilisha nepi ni mmoja. Binti yangu, msongo ulio nao hautokani na udhaifu wa akili yako. Ni kazi za watu watatu au wanne zilizowekwa juu ya mtu mmoja kwa sababu ni mwanamke na hakupiga kelele. Hakuna mbinu ya kupumua wala kutafakari itakayofuta hilo. Lazima kazi igawanywe.

Usiwaandikie kaka zako "nisaidieni". Neno hilo huitikiwa kwa "pole sana dada, Mungu akutie nguvu", kisha kimya. Waandikie wote wawili kwa pamoja, kwenye ujumbe mmoja, ili kila mmoja aone mwenzake amesoma: "Naumwa na natakiwa kuanza matibabu. Siwezi tena kumhudumia mama peke yangu kila usiku. Nahitaji mmoja wenu alipe mtu wa kukaa na mama kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku tano za wiki. Nahitaji mwingine aje mwisho wa wiki, alale hapa, amhudumie yeye mwenyewe. Nijibuni kabla ya Jumapili nani anachukua lipi." Huna haja ya kuwaambia unaumwa nini. Wakisema hawawezi, waulize wanapendekeza nini, kisha unyamaze. Usijaze huo ukimya kwa kusema "basi, nitajitahidi". Najua utatamani kusema hivyo, umeshazoea.

Mwombe pia muuguzi au mtaalamu wa viungo awafundishe wote, na hao kaka, jinsi ya kumgeuza na kumnyanyua mama. Mwanaume anaweza kumbadilisha mama yake nepi. Na kama mama ataona aibu kuhudumiwa na mwanawe wa kiume, basi kaka agharimie mhudumu wa kike kwa zamu yake. Aibu hiyo isigeuke sababu ya wewe kubeba yote.

Kazini sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ila andika kwenye karatasi kazi zilizokuwa zako kabla ya watu kupunguzwa na zilizoongezwa baadaye, umpelekee bosi, umuulize ipi itangulie na ipi isubiri. Na daktari akiona inafaa, omba likizo ya ugonjwa kwa siku zile za kwanza. Siyo lazima cheti kitaje pombe.

Nimebakiwa na ile saa nne usiku. Matibabu yakianza, nyumba isiwe na chupa, hata moja ya wageni. Kula mapema, kwa sababu njaa na hamu ya pombe hukamatana mikono. Hamu ikija itakuambia haitaisha mpaka unywe. Inakudanganya. Hupanda, ikafika kileleni, ikashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, unywe usinywe. Nusu saa hiyo usikae kwenye lile kochi la kunywea. Oga maji ya moto, mpigie mtu anayejua hali yako, toka nje ukae barazani. Wewe ulikuwa unatafuta ukimya wa kichwa, na huo unastahili kuupata: mtu wa zamu akiwapo jioni, jifungie chumbani saa nzima na asikugongee mtu.

Ukianguka ukanywa, mpigie daktari siku inayofuata umweleze. Wengi huanguka kabla ya kusimama, na dozi au mpango hubadilishwa. Kitakachokurudisha kabatini ni kuficha.

Mumeo mwambie. Mwambie mchana, hujanywa, watoto hawapo, na uwe umeshapanga siku ya kwenda kwa daktari, ili habari na hatua zimfikie pamoja. "Nimekuwa nakunywa kila usiku tangu mama aje. Nimeshindwa kuacha peke yangu. Siku fulani naenda kwa daktari, naomba uwepo nyumbani wiki hiyo." Anaweza kukasirika; mpe siku mbili tatu. Hofu yako kwamba ataona hufai kulea naielewa, na ndiyo hofu inayowanyamazisha wanawake kuliko zote. Mama aliyekwenda kutibiwa ana la kusema mbele ya mume na mbele ya yeyote. Lakini kama ni mtu wa kukupiga, hilo hukuniandikia na mimi simjui, basi usianze naye. Anza na daktari na rafiki mmoja unayemwamini. Mawifi hawahusiki hata kidogo.

Na binti yako. Alipokisogeza kile kikombe alijua kuna kitu, na mtoto akijua nusu hujaza nusu iliyobaki kwa kujilaumu. Mkalishe umwambie: "Ulichonusa siku ile kilikuwa pombe. Ulikuwa sahihi. Mama amekuwa akinywa sana na imemfanya augue, naenda kwa daktari anitibu. Si kosa lako wala la bibi." Usimwapie kwamba hutakunywa tena kamwe, na usimpe kazi ya kukulinda au kukutunzia siri, akitaka kumwambia baba yake, amwambie. Pengine atakuuliza tena baada ya wiki, ghafla, mkiwa mnafanya kitu kingine kabisa. Mjibu ukweli wa siku hiyo.